Mtoto amekuja na homuweki: mzazi afanye nini, aache nini

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Majengo, Mombasa, alinibishia hodi saa tatu za usiku. Ameshika daftari, na nyuma yake mtoto anasinzia wima. "Dadangu, nisaidie. Mimi shule niliachia darasa la sita, na hizi hesabu za siku hizi zafanywa kwa njia nisiyoijua. Kesho mwalimu akikuta pako tupu, ataona mtoto hana wenyewe."

Mama huyu huamka saa tisa za usiku kukanda unga wa mahamri. Kichwani mwake mna bei ya unga, ya mafuta na ya hiliki, na ukimwambia idadi ya mahamri aliyouza atakutajia faida kabla hujatoa simu. Lakini mbele ya daftari la mtoto wa gredi ya nne alikuwa amenyong'onyea kana kwamba anayetahiniwa ni yeye.

Swali lenyewe lilikuwa 402 kutoa 157. Mtoto ameandika 355.

Nilimkalisha, nikamwambia, "Hebu nieleze ulivyofanya." Akaanzia kulia, kama alivyofundishwa: "Saba toa mbili, tano. Tano toa sifuri, tano. Nne toa moja, tatu." Basi, ugonjwa ukajitokeza wenyewe. Kutoa anakujua. Tatizo ni kwamba kila alipokuta tarakimu ya juu ni ndogo aliigeuza hesabu, akatoa ya juu kwenye ya chini, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba kikubwa hakitoki kwenye kidogo. Watoto wengi wa umri wake hufanya kosa hilihili, na alama nyekundu ya mwalimu haiwezi kukuonyesha limetoka wapi. Huonekana pale tu mtoto anapoulizwa aeleze.

Nikamwomba mamake mkoba wa mauzo. Tukapanga mkekani noti nne za mia na sarafu mbili za shilingi moja. "Mteja anakudai mia moja hamsini na saba. Utampaje?" Mtoto akatazama zile pesa. Shilingi saba hazipo, za kumi hazipo kabisa. Kabla sijasema kitu mamake akadakia: "Si uvunje mia!" Wakavunja noti moja kwa sarafu kumi za kumi, kisha sarafu moja ya kumi kwa shilingi kumi. Sasa mbele yake pana noti tatu, sarafu tisa za kumi, na shilingi kumi na mbili. Akatoa saba, zikabaki tano. Akatoa hamsini, ikabaki arubaini. Akatoa mia, zikabaki mia mbili. 245.

"Kumbe kukopa ndiko kuvunja pesa?" mtoto akauliza, usingizi umemruka.

Usiku ule aliyefundisha ni muuza mahamri. Nilichofanya mimi ni kumwomba mtoto aeleze. Tangu hapo nimekuwa nikifikiria ni wazazi wangapi wa mji huu, kutoka Likoni hadi Kisauni, wanaokaa mbali na daftari la mtoto kwa aibu wakidhani kusaidia maana yake ni kujua majibu. Na wako pia walio upande wa pili, wanaojua majibu na kwa sababu hiyo huyatoa yote. Makundi haya mawili yamekwama mahali pamoja.

Neno moja, kazi tatu

Tunaposema homuweki, au kazi ya ziada kama walimu wanavyopenda tuiite, tunachanganya mambo matatu ambayo kila moja lataka mzazi akae kivyake.

La kwanza ni mazoezi: maswali matano au kumi ya jambo lililokwisha kufundishwa darasani, ili mkono uzoee. Kutoa kwa kukopa ni hapo. La pili ni mradi: mtoto anaambiwa atengeneze kitu, akusanye kitu, aulize watu wa nyumbani, apige picha. La tatu ni kudurusu, yaani kurudia yaliyopita yasipotee, na hili mara nyingi mwalimu haliandiki popote, huachiwa mtoto na nyumba yake.

Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tulijua la kwanza na la tatu. Mradi ulikuwa jambo la mara mojamoja. Mtaala wa Umilisi (CBC) ulipoingia gredi ya kwanza hadi ya tatu Januari 2019, uliingia na miradi ya mara kwa mara, na kwa makusudi ukamtaja mzazi kuwa mshiriki. Hapo ndipo vilio vilipoanza. Mama anatoka kazini Changamwe, anafungua simu, grupu la wazazi limejaa: kesho kila mtoto aje na picha za wanyama wa majini, karatasi ya manila na gundi. Saa mbili usiku saiba imefungwa. Kilio hicho ni cha haki, na mwalimu anayetoa maagizo usiku kwa ajili ya asubuhi aambiwe, kwa adabu lakini aambiwe.

Ila kuna sehemu ya kilio tunayojiletea wenyewe. Niliwahi kuona mfano wa feri ya Likoni uliotengenezwa kwa kadibodi kwa ajili ya gredi ya tano. Umekatwa sawasawa, umepakwa rangi, hata vishikio vya abiria vimo. Nilimwuliza mwenye mradi, kijana wa miaka kumi, pale pembeni palibandikwaje. Hakujua. Baba alimlipa fundi. Darasani ulishangiliwa, na mwenzake aliyeleta boksi la maziwa lenye matundu mawili, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaona haya kulitoa kwenye begi.

Katika mradi mzazi ana kazi mbili tu, kutafuta vifaa na kuangalia kisu kisimkate mtoto. Mikono iwe ya mtoto, hata kama kitu kitatoka kombokombo. Tena vifaa si lazima vinunuliwe. Hapahapa Mombasa, katika miaka ya 1980, ulianza mpango wa shule za awali zilizoambatana na madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walimu waliouanzisha. Walimu wa shule hizo na akina mama wa mitaani walitengeneza vifaa vya kusomeshea kwa vitu vilivyowazunguka: vifuu, simbi, vifuniko vya chupa, mabaki ya vitambaa. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Weka boksi moja uvunguni mwa kitanda, kila kifuniko na kila kadibodi safi iingie humo. Ujumbe wa saa mbili usiku ukija, nusu ya shida umeshaimaliza.

Kuna sababu nyingine ya kuacha mikono ya mtoto ifanye. Tathmini za shuleni sasa zina uzito. Katika alama za mtoto anapomaliza gredi ya tisa, mtihani wenyewe wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, huchukua asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwenye mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, na 20 nyingine kwenye tathmini za shule za gredi ya saba na ya nane. Mtoto aliyezoea kufanyiwa miradi hufika huko akiwa na alama nzuri nyuma yake na mikono isiyojua kitu.

Chuoni tayari wanajua

Kudurusu ndiko kunakopuuzwa zaidi, na ndiko familia za Mombasa zina utajiri zisiouona.

Mtazame mtoto anayehifadhi Qur'ani chuoni, yaani madrasani. Maalim hamwambii akasome sura mara ishirini kisha asinzie. Humwambia aufunge msahafu asome kwa moyo. Akikwama hukumbushwa neno moja, anaendelea. Kesho yake kabla ya kupewa aya mpya husomeshwa za jana, na za wiki iliyopita, na sura aliyoimaliza mwezi uliopita pia hurudishwa, kwa sababu maalim anajua kilichohifadhiwa kisiporejewa hupotea. Mtoto wa shule ya Jumapili anayesimamishwa mbele ya kanisa kutamka mstari wake bila kusoma hupitia njia hiyohiyo.

Maabara za saikolojia zilikuja kulithibitisha hili kwa njia yao. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunachojifunza huanza kutoweka haraka sana, na kila kinaporejewa hukaa zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena, kundi jingine likafunga karatasi na kuandika yote linayokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojikumbusha ndio waliobaki na mengi.

Sasa rudi nyumbani. Mtoto akisema "nimesoma", mara nyingi maana yake ni kwamba macho yamepita juu ya ukurasa, na ukurasa unaonekana wa kawaida, hivyo anaamini anaujua. Wewe mzazi, hata kama herufi za kitabu hicho huzisomi vizuri, mwambie akifunge. "Haya, nambie mlisoma nini leo. Vitu vitatu tu." Akikwama, afungue, atazame, afunge tena. Jumamosi mnarudia vile vya Jumatatu. Ni dakika tano mkiwa mnachambua mchicha, na hakuna tuisheni ninayoijua inayoshinda hilo. Tena tuisheni ya likizo sheria imeikataza tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ingawa sote twajua huendelea kwa majina mengine.

Nashangaa kwamba nyumba inayomsikiliza mtoto akisoma Yasin kwa moyo kila Alhamisi haijawahi kumwambia afunge kitabu cha sayansi.

Saa zenyewe

Hebu tuhesabu siku ya mtoto mmoja wa kawaida. Anaishi Likoni, shule iko kisiwani. Aamke saa kumi na moja alfajiri, aswali, anywe chai, awahi feri. Shule hadi saa tisa na nusu. Arudi, avuke, abadilishe nguo, aende chuoni hadi Magharibi. Chakula baada ya Isha. Daftari linafunguliwa saa mbili na nusu, na tuna uso wa kumwambia ni mvivu.

Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na 12 kwa siku. Wa kuamka saa kumi na moja, ili apate hizo tisa za chini kabisa, awe amelala saa mbili usiku. Na usingizi si muda wa bure katika masomo, kwani ubongo wa aliyelala ndio huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Mtoto unayemkesha hadi saa nne amalize maswali kumi unamkatia hapa ukimshonea pale.

Kwa hiyo homuweki iwe na kikomo. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyepitia pamoja na wenzake tafiti za Marekani za kati ya 1987 na 2003, aliona kwamba kwa watoto wa shule za msingi uhusiano kati ya homuweki na alama ni hafifu, na huwa na nguvu zaidi wanapofika sekondari. Kipimo anachokiunga mkono ni dakika kumi kwa kila darasa: gredi ya tatu dakika thelathini, gredi ya sita saa moja. Mimi hukichukua kipimo hicho kama dari. Dakika zikiisha, daftari lifungwe hata kama maswali yamebaki, na mwalimu aandikiwe. Nitarudi hapo.

Zipatikane wapi dakika hizo? Wengine huzipata kati ya shule na chuo, mtoto akila kiazi karai huku ameshafungua daftari. Wengine baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa kimetulia. Wengine hukaa na maalim wakakubaliana mtoto wa gredi za juu apunguziwe siku moja ya katikati ya wiki. Muda ukishachaguliwa uwe huohuo kila siku, maana kinachochosha kuliko homuweki ni vita vya kuianza.

Kuhusu mahali sina mengi. Chumba cha kupanga cha watu sita hakina ofisi. Baraza la nyumba linatosha mchana, na usiku kona ya mkeka karibu na taa, televisheni ikizimwa kwa nusu saa na wakubwa nao wakavumilia. Tokeni zikiisha, palepale ni zamu ya kudurusu kwa mdomo, halihitaji stima. Simu ikae kwa mzazi. Ziko programu zinazopigia swali picha na kutema jibu, na mtoto aliyegundua hilo utamwona anamaliza hesabu upesi kuliko mwalimu wake.

Usikihame Kiswahili chako

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, na nitakaa kidogo.

Sera ya elimu inasema mtoto wa shule ya awali hadi gredi ya tatu afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi, kisha gredi ya nne aingie Kiingereza, huku Kiswahili kikibaki somo lake. Mombasa lugha ya mahali ni Kiswahili. Pamoja na hayo, shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza tangu chekechea, na wazazi twashangilia. Matokeo ni kwamba nyanya mtu, aliyelea watoto saba kwa hadithi na vitendawili, ananyamazishwa kwenye mambo ya shule kwa sababu hajui Kiingereza, na mama anaongea na mwanawe Kiingereza cha maneno mia mbili ili "asichanganyikiwe".

Mtoto hachanganyikiwi. Jim Cummins, mtaalamu wa Canada, amekuwa akieleza tangu mwaka 1979 kwamba maarifa na uwezo wa kufikiri vilivyojengwa kwa lugha moja huvuka na mtoto hadi lugha ya pili. Aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini mfuniko wa sufuria ya wali huwa na matone, kwamba mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji, akifika darasani kilichobaki ni kujifunza neno la Kiingereza la jambo analolijua. Ambaye nyumbani aliambiwa "water, water" tu, huko darasani ana kazi mbili kwa pamoja.

Nitatoa mfano mmoja unaowaponza watoto wetu kila mwaka: saa. Mtoto wa gredi ya pili amepewa picha ya saa ya ukutani, mkono mfupi kwenye 7, mrefu kwenye 12. Kwa Kiswahili ni saa moja. Kwa Kiingereza ni saba. Mtoto anaandika moja kwenye daftari la Kiingereza, anapigwa mkasi, na wiki nyingine anaandika saba kwenye la Kiswahili, anapigwa mkasi tena. Hatimaye anaamua saa ni jambo lisiloeleweka.

Mwambie hivi. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapotua, nao Waingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Ndiyo maana tumepishana saa sita. Kisha mwonyeshe uso wa saa: mkono mfupi unapoelekea ndipo penye saa ya Kiingereza, na saa ya Kiswahili iko upande wa pili mkabala nao. Saba inatazamana na moja. Kumi inatazamana na nne. Kumi na mbili inatazamana na sita. Mpe kijiti akivushe katikati ya saa, aone ncha zote mbili. Mtoto wa dada yangu alipolipata hilo alizunguka nyumba nzima akiuliza watu saa ili ajibu mara mbili.

Na vipimo vya nyanya navyo visitupwe. Kibaba, kisaga, pishi: visaga viwili ni pishi, vibaba viwili ni kisaga, kwa hiyo pishi ina vibaba vinne. Hizo ni nusu na robo, zile zile zinazowatoa watoto jasho gredi ya nne. Mpe makopo na mchele. "Nusu pishi ukiongeza visaga viwili, ni vibaba vingapi?" Atajaza na kumimina hadi afike sita, na atakapoulizwa darasani nusu ina robo ngapi atakumbuka mlio wa mchele ukiingia koponi.

Kusoma pia kumetuzunguka. Kanga zikianikwa uani ni maktaba, kila moja na jina lake kwa herufi kubwa. Msomeshe mtoto anayeanza kuunganisha silabi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Atauliza mwenyeji alikuwa anaumwa nini. Hapo umeshapata mazungumzo ya nusu saa, na ufahamu ndio huo. Halafu, mara moja kwa mwezi ikiwezekana, umpeleke maktaba ya taifa iliyo mjini akachague kitabu kwa mkono wake.

Makofi, sifa na maneno ya mzazi

Kofi kwenye homuweki halisaidii. Mtoto anayesubiri kofi akili yake yote iko kwenye mkono wako, haikusalia ya kushika saba mara nane. Ukihisi hasira zinapanda, toka nje, mpe dadake mkubwa dakika kumi. Umwonye tu huyo dada aulize maswali, asiandike majibu, kwa kuwa naye atafaidika akieleza.

Sifa nayo ina namna. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano huko Marekani mafumbo ya kutatua. Baadhi wakasifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii waliyoweka. Yalipokuja mafumbo magumu, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema zaidi, wakayafurahia kidogo, na wakafanya vibaya zaidi baadaye. Tunapomwambia mtoto "una akili kama babako", tunampa kitu cha kuogopa kukipoteza. Mwambie ulichokiona: "Umerudia mara tatu hadi ukalipata."

Na kuna jambo linalonipa moyo kuhusu wazazi kama jirani yangu. Mwaka 2009 Nancy Hill na Diana Tyson walikusanya tafiti 50 kuhusu wazazi wa watoto wa umri wa takriban gredi ya sita hadi ya nane huko Marekani. Kusaidia homuweki moja kwa moja hakukuwa na uhusiano thabiti na alama. Kwa sehemu ni kwa sababu anayekwama ndiye anayesaidiwa, lakini pia wazazi husaidia kwa kuingilia. Kilichoambatana na alama nzuri kuliko vyote ni mzazi anayezungumza na mtoto juu ya faida ya kusoma, anayemweleza anachomtarajia, anayeunganisha somo na maisha, na kupanga naye mambo ya mbele. Hayo hayana sharti la cheti. Baba wa mkokoteni pale Kongowea anaweza kumweleza mwanawe jinsi uzito wa gunia unavyogawanyika kwenye magurudumu, na kumwuliza angependa kusomea nini gredi ya kumi. Aulize kwa dhati, na asubiri jibu.

Kumwandikia mwalimu

Wazazi wengi huiona daiari ya mtoto kama mahali pa kutia sahihi. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani hana njia ya kujua nani alikwama wapi, na ukimpelekea daftari lililojaa majibu sahihi uliyoyaandika wewe, unamwambia uongo: kwamba amefundisha na ameeleweka. Kesho ataendelea mbele, na mtoto atabaki nyuma kimyakimya.

Tuliporudisha zile pesa mkobani usiku ule yalikuwa yamebaki maswali manne, na mtoto macho yamefumba. Jirani alitaka niyamalize. Nilimpa kalamu, nikamwambia aandike mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Alisitasita, akaandika polepole, herufi kubwakubwa:

"Mwalimu, salamu. Amefanya sita kwa nusu saa. Alikuwa akigeuza nambari ya juu ikiwa ndogo. Tumemwonyesha kwa kuvunja pesa, sasa ameanza kuelewa. Manne hatukumaliza, amelala. Naomba umtazame. Mamake."

Siku ya pili daiari ilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu. Mwalimu alikuwa ameuliza kama mama angeweza kumkopesha zile sarafu za kumi Ijumaa, kwa sababu darasani wako kumi na wanane wanaogeuza vilevile.